Taa Nyekundu Uwanjani Kagongwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Fundi Mkuu wa kituo chetu cha televisheni pale Shinyanga, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikalisha mbele ya monita, yaani ile televisheni ndogo ya mafundi, akasema, "Tazama." Kwenye kioo kulikuwa na mistari ya rangi iliyosimama wima, na mlio mmoja usiokatika. Basi. Mimi binti wa Mwadui, baba yangu fundi wa mitambo mgodini, nimetoka chuo na cheti changu, naambiwa nitazame mistari! Nilivimba kwa hasira.

Saa ya chai akarudi. "Haya binti, rangi ipi inaumwa?"

"Mzee, mimi naona zote nzima."

"Tazama tena."

Nikatazama mpaka macho yakatoa machozi. Jioni ndipo nilipoona kwamba ile nyekundu ilikuwa imefifia kidogo kando ya wenzake. Nilipomwambia, yule mzee alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Asubuhi ulikuwa mgeni wetu," akasema. "Sasa ni mfanyakazi. Kesho uje na chakula chako."

Nyie vijana mnaorusha picha kwa simu kabla chai haijapoa, msinicheke. Fundi Mkuu ndiye aliyenifundisha kwamba kamera haimwoni mtu, inaona mwanga tu. Mwanga ukishaingia kwenye lenzi unagawanywa mafungu matatu, jekundu, kijani na bluu, na kila fungu linageuzwa kuwa umeme. Umeme huo unapita kwenye waya, unapanda mnarani, unarushwa hewani. Televisheni ya nyumbani kwako inaudaka na kufanya kazi ileile kinyumenyume, mpaka bibi wa taarifa ya habari anakutokea sebuleni na gauni lake la rangi ileile. Sauti nayo ina njia yake, maiki na waya wake na fundi wake, inakutana na picha mwishoni. Zikipishana kidogo tu, utaona waziri amefunga mdomo na bado anahutubia. Haki ya Mungu, mpaka leo nikiliwaza jambo hilo nasisimka mwili.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Geita, kwenye kituo kidogo cha kilimani. Kazi ya kituo kile ilikuwa kudaka matangazo kutoka mbali, kuyaongezea nguvu na kuyarusha tena, kwa sababu mawimbi ya zamani yalikwenda moja kwa moja na kilima kikiwa mbele yalikwama. Mkuu wa Mitambo wa pale alikuwa bwana mkali, mnene, asiyependa salamu ndefu. Radi ikipiga, na radi za Geita mnazijua, alikuwa wa kwanza kuukagua mnara. "Sisi tukizembea," alikuwa akisema, "Katoro nzima inatazama chenga badala ya picha." Na kweli, siku za soko nilikuwa nikishuka Katoro nakuta antena zimefungwa juu ya miti mirefu, baba mtu yuko nje anaizungusha, mkewe ndani anapiga kelele, "Geuza! Geuza tena! Hapohapo, usiachie!" Jamaa anashika mti mpaka taarifa ya habari iishe. Nilikuwa nawacheka, halafu nikirudi kilimani nafanya kazi kwa bidii zaidi kwa ajili yao.

Kisha vikaja ving'amuzi, ile mitambo ya zamani ikazimwa, nami nikarudishwa Shinyanga. Safari hii niliwekwa kwenye gari la matangazo, yaani studio nzima iliyofungwa ndani ya lori, na dishi juu ya paa la kurusha picha mpaka kwenye satelaiti. Bosi wa gari hilo alikuwa mwanamke, Mwongozaji Mkuu. Mtu mfupi, sauti ndogo, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumjibu mara mbili. Nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Mimi nilikuwa mchanganya picha. Mbele yangu kulikuwa na safu ya monita, kila kamera na yake, na chini yake safu ya vitufe. Mwongozaji akisema "mbili", nabonyeza kitufe cha pili, na picha ya kamera ya pili ndiyo inayokwenda kwa wananchi. Hapohapo taa ndogo nyekundu inawaka juu ya kamera ile, ili mpiga picha ajue kwamba yuko hewani asijikune pua wala kuitingisha. Ikumbukeni taa hiyo, maana ndiyo iliyotaka kutuumbua Kagongwa.

Msimu ule wa baada ya mavuno tulipangiwa kurusha mubashara shindano la ngoma huko Kagongwa, mji mdogo wa mkoani kwetu. Kwa asiyejua, ngoma zetu za Kisukuma hazishindaniwi kwa kupokezana jukwaa. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na hakuna jaji wa kutoa alama. Watu wenyewe ndio alama. Wanakwenda huku, wanarudi kule, na mwamuzi akipuliza filimbi ya mwisho, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo maana kila manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, husemwa ana dawa yake ya kuvuta watu.

Upande mmoja alikuwa Manju Masele, kijana bado, mwenye chatu wawili. Upande wa pili alikuwa Manju Luhende, mzee wa ngoma ya majembe, mwenye sauti iliyoweza kukutoa machozi akiimba habari ya kitu kidogo kama mbuzi aliyepotea. Tulimhoji asubuhi kabla ya shindano. Hakutuficha kitu.

"Hawa vijana wangu wameshaniambia," alisema, huku akiwaonyesha kwa kidevu. "Tukishindwa na leo, wanaacha ngoma, wanakwenda kwenye maduara huko Geita kuchimba dhahabu. Nimeshindwa misimu miwili. Siwalaumu, ni vijana. Lakini wakiondoka, mimi nyimbo zangu namwachia nani?"

Kijana wake mkubwa, Shija, alikuwa amesimama nyuma yake ameshika jembe. Alitazama chini, hakukanusha.

Sasa, kamera hupenda jua liwe nyuma yake. Ikielekezewa jua, watu wanatoka weusi kama vivuli. Mchana ule jua lilituweka karibu sote upande wa Masele. Huko tukasimamisha kreni, ule mkono mrefu wa chuma unaoinua kamera juu ya vichwa vya watu, na kando yake skrini kubwa ili walio nyuma waone. Luhende alibakiwa na kamera moja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulifuata jua tu, kama tulivyofundishwa.

Ngoma zikaanza. Ee bwana! Majembe yalirushwa juu yakageuka hewani yakadakwa kwa pamoja, na kule chatu anapandishwa shingoni, watu wanapiga vigelegele. Fundi sauti wetu alikuwa akitokwa jasho kutenganisha ngoma mbili zisiingiliane kwenye maiki zake. Kwa muda watu walikuwa wamegawanyika karibu sawa.

Halafu zikaanza simu. Mtu mmoja mbele ya kreni alipigiwa na nduguye wa Katoro: "Nimekuona! Nimekuona kwenye televisheni!" Picha yetu ilikuwa ikipanda mpaka satelaiti na kushuka, inachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo huyu anaambiwa anapunga mkono wakati mkono ameshaushusha. Akaupandisha tena. Wenzake wakaona, wakakimbilia pale. Wengine wakaenda kujitazama kwenye skrini. Na haikuchukua muda wakagundua ile taa nyekundu. "Ikiwaka ndiyo unaonekana!" nikamsikia mama mmoja kwenye maiki.

Mwongozaji akasema "nne", nikabonyeza. Kwenye monita ya kamera ya mbali nikaona watu wanatoka mbio kwenye kamera ya pili kwenda ya nne. Akasema "moja". Wakakimbilia ya kwanza. Nikatoa macho. Kile kidole changu kilikuwa kinawahamisha watu uwanja mzima!

"Bosi," nikasema, "hawafuati tena ngoma. Wanafuata taa."

Akajaribu mwenyewe. "Tatu." Kamera ya tatu ndiyo ile moja ya kwa Luhende. Watu wakamiminika kule, wakipiga kelele, migongo wameipa ngoma, nyuso kwenye lenzi. Mtoto akaanguka, mama yake akamwokota. Tulipoiacha ya tatu wakatoweka. Uwanja wa Luhende ukabaki na wazee wachache na mbwa. Nikamwona Shija ameshusha jembe, anaangalia watu wakiondoka. Roho iliniuma jamani, nilitamani kulia.

Mlango wa gari ukagongwa. Alikuwa Manju Luhende mwenyewe, kifua kinapanda na kushuka, vumbi mpaka kwenye kope. Ngoma yake alikuwa ameiacha mikononi mwa Shija, jambo ambalo manju hafanyi.

"Mwadila, mayu," akamwamkia Mwongozaji, akimwita mama kwa heshima.

"Mwadila, manju. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza neno moja. Mimi leo nashindana na Masele au nashindana na nyinyi? Maana dawa yenu ni kali, mayu. Imenishinda mimi, na Masele naye imemshinda. Kamwangalie, hata yeye hakuna anayemsikiliza."

Mwongozaji alitazama safu ya monita, akazitazama zote, kisha akachukua kipaza sauti kinachowafikia wapiga picha. Sauti yake ileile ndogo.

"Kreni ishushwe. Zimeni skrini. Kila mtu abandike solatepu nyeusi juu ya taa yake nyekundu. Kisha wote mrudi nyuma mpaka kwenye uzio, mtatumia lenzi ndefu. Sitaki kamera yoyote ndani ya uwanja."

"Bosi, tutapata picha za mbali," mpiga picha wa kreni akalalamika. "Za vumbi na visogo!"

"Nitazipokea hizohizo."

Haikupita muda simu ya kutoka Dar es Salaam ikalia. Mkuu wa Matangazo. Alikuwa anafoka mpaka nilimsikia nikiwa kwenye vitufe vyangu. "Picha zimekwenda wapi? Chatu yuko wapi? Rudisha kreni sasa hivi!"

"Mkuu," akajibu, "umetutuma tuonyeshe shindano. Kreni ikirudi hakuna shindano la kuonyesha."

"Hilo ni agizo!"

"Nimelisikia, mkuu. Nitajieleza nikija." Akaiweka simu chini. "Fundi sauti, nipandishie ngoma za pande zote. Mbili."

Nikabonyeza. Hakuna aliyekimbia. Watu walihangaika kidogo, wanatafuta taa, hawaioni. Mmoja mmoja wakaanza kugeuka. Ile sauti ya Luhende ikapanda, na nikawaona wanasogea upande wake wakitikisa vichwa. Masele naye hakukubali, akaingia katikati na wimbo mpya wa kumtania Luhende kwa uzee wake, watu wakavunjika mbavu, wakarudi. Luhende akamjibu hapohapo kwa wimbo. Wee! Nimefanya kazi hii mpaka mvi, sijaona tena kitu kama kile. Picha zangu zilikuwa za mbali, zina vumbi, visogo vimejaa, na sijawahi kuzionea fahari picha nyingine zozote kuliko hizo.

Filimbi ikapulizwa. Masele alishinda, kwa watu wachache tu.

Nilishuka garini pamoja na Mwongozaji, nikijua kilichokuwa kinamsubiri mzee wa watu. Vijana wake walikuwa wameketi juu ya majembe yao. Luhende akafika, naye akaketi chini. Ndipo Shija aliposema, kwa hasira kabisa, "Manju, ule wimbo wa pili ndio uliotuponza. Umeuanza polepole, wameondoka. Msimu ujao tuanze na wa tatu."

"Wa tatu hamjaujua," Luhende akasema.

"Si tufundishe!"

Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, nani alikosea wapi. Luhende aliinua uso akatuona sisi wawili tumesimama pale. "Wabeja, mayu," akamshukuru Mwongozaji. "Leo nimeshindwa na mtu."

Mwongozaji aliitwa Dar kujieleza. Aliporudi hakutusimulia kitu, na kreni tulinyang'anywa msimu mzima. Yeye alistaafu kabla yangu. Mimi mwenyewe nina muda sasa nyumbani Shinyanga. Fundi Mkuu alishatangulia mbele ya haki. Mitambo tuliyoitunza kilimani Geita imeng'olewa, na kazi niliyojifunza kwa miaka sasa inafanywa na binti mmoja mwenye kompyuta ya mapajani, na anaifanya vizuri, sina kinyongo. Wanaoniuliza kama naikumbuka kazi nawaambia ndiyo, kila siku. Nilibahatika kufanya kazi na watu walioiheshimu.

Mwaka huu baada ya mavuno nilipanda gari mpaka Kagongwa. Luhende bado yupo, anaimba amekaa kwenye kiti, na Shija ndiye anayerusha jembe mbele ya vijana wengine. Upande wa pili kulikuwa na chatu, na kelele, na watu wakikimbilia huko na simu zao juu. Mama mmoja akanishika mkono, "Twende bibi, huku hakuna watu!" Miguu ilikuwa inaniuma na jua lilikuwa kali. Nikamwambia atangulie, nikabaki pale kwa Luhende mpaka filimbi, ili mwamuzi anihesabu.