Mwenye Jina Hapatikani

Tovuti yetu ya kuuzia korosho tuliipa jina ambalo watu wa sokoni Nachingwea walimwita mama yetu. Mdogo wangu aliyesomea kompyuta ndiye aliyeitengeneza. Fomu ilipomuuliza mwenye jina ni nani, akaandika mama, pamoja na namba ya simu ya mama. Mama alikuwa amekwisha kufa.

"Jina ni lake, dada," aliniambia. "Ningemwandika nani?"

Sikubisha. Mimi niliacha shule niwalee wadogo zangu. Mambo ya intaneti niliwaachia.

Kisha kampuni iliyotusajilia jina ikatuandikia. Mkataba unataka mwenye jina awe mtu wa kweli, anayepatikana. Mtu amelalamika kuwa huyu wetu hapatikani. Tusiporekebisha kabla ya Ijumaa, jina litafungwa, na baadaye yeyote anaweza kulichukua.

Nikasema tupige simu, tueleze ukweli. Mama mkubwa, dada wa mama yetu marehemu, aliyetoka Chinongwe kuja kutusaidia kubangua, akakataa.

"Ukisema amekufa, wanalichukua. Lete simu. Kwani mimi si mama yenu?"

"Ni mama, lakini..."

"Mama hana lakini."

Tukapiga, tukaweka sauti kubwa. Afisa wa mikataba wa kampuni ile akauliza kwa adabu, "Wewe ndiye mama mwenye jina?"

"Mimi ndiye mama."

"Naomba mwaka wako wa kuzaliwa."

Mama mkubwa akafikiri sana. "Wangu au wa marehemu?"

Hapo hapo ng'ombe wa jirani yetu mfugaji akalia nyuma ya nyumba.

"Na huyo nani?"

"Jirani. Hahusiki."

Nikamnyang'anya simu, nikaeleza yote tangu mwanzo.

"Kwa hiyo, dada, mmeniwekea marehemu kwenye mkataba?"

"Ndiyo."

"Marehemu haruhusiwi."

"Hata yeye hakupenda, baba."

Kisha nikasikia mtu anacheka mbali na simu. Aliporudi, sauti ilikuwa ya kiofisi tena. Mkataba haugombani na jina, alisema. Unataka mtu wa kuulizwa.

"Mkubwa wenu nani?"

"Mimi."

"Basi uandikwe wewe. Nitumie cheti cha kifo, kitambulisho chako, na namba inayopokelewa. Nitapiga kuhakikisha. Isipopokelewa, nafunga."

Mdogo wangu akatuma vyote. Kuanzia siku hiyo sikuachana na simu. Nilikwenda nayo shambani, nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikaingia nayo chooni. Wadogo zangu wakauliza kama nimepata mchumba.

Alhamisi ikaita nikiwa ninabangua, mikono imejaa mafuta ya maganda, yale yanayobabua ngozi. Nikapiga kelele. Mama mkubwa akairukia simu kama anawahi kuku asiingie kwenye ufuta.

"Haloo! Mwenye jina yupo, anabangua. Ongea na mama yake."

Nikamsikia afisa akiuliza:

"Mama yupi?"

"Yule anayepatikana," akajibu, akanibandika simu sikioni.

"Nipo," nikasema.

"Nimekupata, dada. Jina ni lenu." Kisha akauliza, "Na huyo jirani hajambo?"

Kabla sijajibu, ng'ombe akajibu mwenyewe.