Vyoo safi vinavyomkosesha raha Wellars

Jua la asubuhi halijashuka bado kwenye bonde la Rugerero, na Wellars Habiyaremye amechutama mlangoni pa choo cha watu, kofia mkononi, pua ameitanguliza ndani. Ananusa. Ananusa tena. Kisha anasonya.

"Safi!" anasema, kwa sauti ambayo mwingine angeitumia kumwitia mwizi.

Ni safi kweli. Sakafu ya udongo imesuguliwa mpaka inateleza, majani mabichi ya mgomba yametandikwa pembeni, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mwenye boma, mzee Eliezer Nzeyimana, amesimama kando akisubiri kusifiwa.

"Mzee, nani anaingia humu?"

"Hakuna mutu, Bwana Wellars! Mi naweza kuacha mutu achafue kitu ya Leta?"

"Na nyinyi munaenda wapi?"

"Mu migomba. Kama siku zote."

Wellars anavaa kofia yake na kuondoka bila hata kuaga vizuri. Huko njiani anaongea peke yake, na si maneno ya kuandikwa gazetini.

Yeye ni gadi wa afya wa Leta, yaani serikali, katika teritwari ya Gisenyi. Kazi yake ni kupita boma kwa boma kukagua vyoo na chemchemi, kwa miguu, maana mshahara wake haujawahi kukaribia bei ya baiskeli. Baba yake alikuwa mvuvi, na Wellars anasema angejua mambo yatakuwa hivi, angebaki na nyavu. Watoto wa vilimani wamempa jina la Bwana Msarani. Hilo amelizoea.

Asilolizoea ni lile blanketi.

Zamani watu walikataa kuchimba vyoo. Wakatishwa kwa faini, wakachimba huku wakinung'unika. Ndipo mwaka jana, 1956, mkubwa mmoja wa ofisini akapata wazo: kila mwaka boma lenye choo safi kuliko vyote litapewa blanketi jipya, mbele ya watu, siku ya soko pale Mahoko. Wellars akatumwa kutangaza.

Watu wakaelewa haraka, tena wakaelewa kupita kiasi. Choo safi kuliko vyote ni kile ambacho hakiingiwi na mtu. Tangu hapo kilima kizima kinafagia vyoo, kinavifunga kamba, halafu kinakwenda migombani.

Alipolipeleka jambo hilo ofisini, alijibiwa kwamba wageni kutoka makao makuu, Usumbura, walipita wakafurahi sana, na asianze kuharibu sifa ya teritwari.

"Bon, wamefurahi!" anasema Wellars, akitupa mikono. "Wamefurahia shimo tupu! Mi nawaambia choo iko ya kuchafuliwa, wananitazama kama mutu wa pombe."

Hata yeye angecheka, kama si chemchemi. Chini ya kilima kuna chemchemi moja, ndiyo inayonywesha kila nyumba ya upande huu, nyumba ya Wellars ikiwemo. Mvua kubwa ikinyesha, yote yaliyoachwa migombani huteremka nayo. Mvua zilizopita zilileta kuhara damu. Wellars na mkewe, Xavérine Mukagasana, walimzika binti yao, Languida, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Sasa wamebaki na mmoja, Damascène, na mawingu yameshaanza kujikusanya juu ya ziwa.

Boma lililo juu kabisa ya chemchemi hiyo, ambalo migomba yake inakaribia kugusa maji, ndilo lililoshinda blanketi la kwanza. Na mwenye boma ni Nyiransabimana, mama yake Xavérine.

Hapo ndipo gadi wa afya anapokwama. Vyoo vya kilima kizima anaweza kuvitaja kwa sauti ya juu, lakini mbele ya mama mkwe mwanamume wa huku hatamki neno kama hilo. Huangalia chini, husema polepole, na haja ikimbana huivumilia mpaka afike kwake. Kwa hiyo boma hilo hajalikagua hata mara moja.

Xavérine alijaribu kwa niaba yake. Mama yake alimcheka.

"We mutoto, unataka Leta ikuje kuninyang'anya blanketi yangu?" alimwambia. "Nichafue, kisha nifungwe? Ashwi, sitaki!"

Huwezi kumlaumu sana. Ameishi miaka yote akiona Leta ikiadhibu, na mara ya kwanza imempa kitu, amekishika kwa mikono miwili.

Mchana, akiwa amekaa mlangoni kwake na buti zikiwa kando, Wellars anaeleza anachokusudia. Jumapili baada ya misa atapanda kwa mama mkwe na kibuyu cha pombe ya ndizi, kama mkwe yeyote mwenye adabu. Majirani watakuja, kama wanavyokuja siku zote wakisikia harufu ya pombe. Watakunywa. Kisha atasimama katikati yao na kuomba aonyeshwe choo.

"Na nitaingia," anasema. "Nitakitumia kabisa, wote wakiwa wanaona. Mukwe na gadi wa Leta, mutu moja. Nikitoka, haiko safi tena, na hakuna mutu atakamatwa. Donc, basi, wataona choo iko ya kutumiwa."

Xavérine, aliyekuwa akichambua maharage, anaacha ungo.

"Kwa mama yangu? Mbele ya watu?" anauliza. "Wellars, we uko na kichaa? Watatucheka mpaka tuzeeke! Mama hatakuangalia tena. Nitapita wapi na uso wangu?"

"Unajua njia ingine?"

Nyuma ya nyumba Damascène anasikika akimfukuza kuku, na kikombe cha bati kinadondoka karibu na mtungi wa maji ya chemchemi. Xavérine anageuka kuutazama mtungi, halafu anarudisha ungo mapajani.

"Ukitoka," anasema hatimaye, bila kuinua kichwa, "mi nitaingia nyuma yako."