Kiwanja Kilichoandikwa Kuwa Kitupu

Shehata alikuwa mtu wa mahema, kama baba yake kabla yake. Katika mtaa wa Sabbaghin, mjini Mansoura, kwa miaka arobaini hakuna aliyezikwa wala aliyeoa bila Shehata kusimamisha nguzo zake nane kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kiwanda cha zamani cha pamba. Vitambaa vyake vilishonwa maua mekundu na ya buluu, na vilikuwa vile vile kwa shughuli zote. Harusini aliongeza taa, msibani alipunguza maneno.

Nyumbani alikuwa na mkewe Ihsan, ambaye pumu ilimwandama tangu ujana. Ihsan alivuta dawa kwa mashine ya umeme, na kila ifikapo Agosti transfoma ya pembeni ilizidiwa, mtaa mzima ukazima. Hapo Shehata humpepea kwa kipande cha boksi, akihesabu pumzi zake kimoyomoyo. Kwa hiyo aliposikia kwamba shirika la umeme linataka kujenga kituo kipya cha kupozea umeme, mtaani hapo hapo, alikuwa wa kwanza kumshukuru Mungu. Hakujua kitajengwa wapi.

Alijua siku tangazo lilipobandikwa ukutani mwa kiwanda. Kituo kingechukua kiwanja chote, kutoka mpaka hadi mpaka. Ardhi ilielezwa kuwa tupu, isiyo na matumizi. Mwishoni paliandikwa kwamba wakazi wameelezwa na hawana pingamizi, kisha likafuata jina la mwakilishi wao: Shehata Abdel-Meguid.

Alilisoma mara tatu. Alipogeuka, Fathi kinyozi alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, wembe mkononi.

"Hongera, mwakilishi," alisema Fathi. "Nikifa hema langu litasimama wapi, barabarani? Au umeshaniwekea nafasi juu ya transfoma?"

"Fathi, naapa sijui habari hii."

"Jina hujui? Si lako hilo?"

Wiki ile watu waliitikia salamu zake kwa kutazama pembeni. Mama Wagdi, muuza mboga aliyekuwa akimchagulia nyanya nzuri miaka yote, alimjazia mfuko bila kuchagua, akampa bila neno. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Fathi.

Ihsan ndiye aliyemsaidia kukumbuka. "Kaa chini ufikiri, baba Hamdi," alimwambia. "Wewe jina lako humpa nani? Wateja tu."

Ndipo akawaona tena machoni mwake: vijana wawili wenye mafaili, waliofika mwezi wa nne, siku ya pili ya msiba wa mzee Anwar mpiga pasi. Shehata alikuwa mlangoni mwa hema. Katika hema la msiba anayeingia haulizwi ametoka wapi wala anataka nini. Hupewa mkono, hupewa kiti, huletewa kahawa isiyo na sukari, husikiliza kipande cha Kurani kikisomwa, kisha huondoka. Vijana wale walipokewa hivyo hivyo. Mmoja alipofungua faili na kuanza kueleza jambo, Shehata alilifunga taratibu. "Si hapa, mwanangu. Kunywa kahawa." Wakanywa, wakainamisha vichwa kwa adabu. Wakati wa kutoka wakamwomba jina na namba ya simu, naye akadhani kuna hema linatakiwa mahali. Akawapa kwa moyo mweupe.

"Basi waliandika kwamba tumewapokea vizuri," Ihsan alisema aliposimuliwa, akacheka mpaka akakohoa. "Na kweli tuliwapokea vizuri."

Asubuhi Shehata alivaa galabiya, kanzu yake pana ya kijivu, akaenda ofisini kwa shirika la umeme. Alitarajia kuzungushwa madirishani. Badala yake alipelekwa kwa mwanamke wa makamo aitwaye Nashwa, mhandisi aliyechora kituo chenyewe. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili la vijana wake na kulisoma kimya.

"Wameandika kwamba walikaribishwa kwenye mkutano wa wakazi wapatao sitini, wote watulivu," alisema.

"Walikuwa watulivu, Mhandisi. Wamefiwa."

Nashwa aliziba mdomo kwa mkono, lakini mabega yalimtikisika kwa kicheko. Alipotulia aliikunjua ramani mezani. "Ami, mimi hapa naona mstatili mweupe. Sioni hema. Sioni mtu."

"Hema halikai, ndiyo maana. Tunalitoa siku ya tatu."

"Na ukiniambia nisijenge, Agosti itakuja kama kawaida."

Shehata angeweza kusema kijengwe kwingine, lakini alikuwa na Ihsan nyumbani, na hakutaka kudanganya. "Sikuja kukwambia usijenge," alisema. "Nimekuja kukwambia kiwanja kina kazi. Njoo ukione kikiwa kazini."

Nashwa alikuja Alhamisi. Shehata alisimamisha hema bure, la mkutano safari hii, na Ihsan akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake, kwa sababu, alivyosema, wanaume watauliza habari za heshima na hakuna atakayeuliza habari za moto. Alikuwa sahihi. Mama Wagdi ndiye aliyesimama kwanza.

"Hicho kidude kitanguruma? Nina mjukuu anayeamka hata paka akipita."

Nashwa alieleza kwamba transfoma hunguruma kweli, lakini zinaweza kuwekwa upande wa kiwanda, nyuma ya kuta nene, na kila moja itengwe na mwenzake kwa ukuta wa kuzuia moto. Aliulizwa kuhusu watoto, kuhusu mafuta yakivuja, kuhusu malori. Kila swali aliliandika. Kisha akauliza la kwake.

"Ami Shehata, taa za hema hili umeme wake unatoka wapi?"

Hema zima likatazama juu. Waya mwembamba ulitoka penye taa, ukapita juu ya paa la kinyozi, ukaishia kwenye nguzo ya barabarani.

"Kwenu, Mhandisi," alijibu Shehata.

Walicheka wote, hata Fathi, na tangu hapo watu walizungumza bila kujibana. Fathi mwenyewe alisimama akasema mbele ya kila mtu kwamba lile tangazo lilimfanya amseme jirani yake vibaya. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alivuta kiti chake, akakaa karibu na Shehata.

Kazi haikwisha siku ile. Nashwa alirudi na mchoro wa pili, wenye kituo cha ghorofa mbili badala ya vyombo vilivyotawanywa uwanjani. Vyombo vingefungwa ndani ya makasha ya chuma, na zaidi ya theluthi moja ya kiwanja ingebaki wazi. Watu walifurahi. Shehata peke yake aliutazama mchoro akakunja uso.

"Hizi nyaya nene zinapita wapi?"

"Chini ya ardhi. Hapa, katikati ya sehemu mliyobakiziwa."

"Basi siku ya kwanza nitakufa. Mimi nafunga kamba kwa vigingi, nami navipigilia ardhini kina cha goti."

Nashwa aliweka kalamu chini. Kwa miaka ishirini ya kuchora, alisema, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba juu ya kebo zake kutapigwa vigingi. Alirudi tena na mchoro wa tatu. Nyaya zilisogezwa pembeni kabisa, kandokando ya ukuta, chini ya mabamba ya zege. Katika sakafu ya kiwanja paliwekwa matundu manane yenye mabomba ya chuma, ya kusimamishia nguzo bila kuchimba, na kando yao pete za kufungia kamba. Vipimo alivitoa Shehata, kwa nguzo zake mwenyewe, Nashwa akishika ncha ya pili ya utepe. Ukutani paliwekwa kisanduku cha umeme wa hema, chenye mita.

"Ndiyo kusema mtatuuzia mwanga tuliozoea kuuchukua," alisema Shehata.

"Ndiyo kusema hautakatika, Ami."

Lilibaki sharti moja. Lango la kituo lingefungukia kwenye sehemu hiyo iliyo wazi, na transfoma ikiharibika, hema lingetolewa ili lori lipite. Mtaa ulikubali, kwa kuwa waliulizwa.

Ujenzi ulichukua miezi kumi na sita. Hema la kwanza katika kiwanja kipya lilikuwa la harusi ya binti wa Mama Wagdi. Nguzo saba zilizama matunduni kwa ulaini. Tundu la nane fundi alikuwa ameliziba kwa saruji, ikabidi Fathi na wengine waligonge kwa saa nzima wakiwa na suti zao. Lilikuwa joto la Agosti. Nyuma ya ukuta kituo kilinguruma chini chini, kama mtu anayeimba peke yake akiwa kazini, na taa hazikucheza hata mara moja. Ihsan alikaa mpaka bibi harusi akatolewa. Shehata alimtazama akipumua na kucheka na wenzake, akajikuta hahesabu.

Majuma mawili baadaye simu iliita. Alikuwa Nashwa.

"Ami, nimepewa kiwanja kingine, ng'ambo ya mto. Wameandika ni kitupu."

"Nani kasema?"

"Ndiyo maana nakupigia. Utakuja kuangalia na mimi kabla sijachora?"

Shehata alimshukuru kwanza, kwa sababu tangu siku ile ya kwanza ofisini hakuwahi kumshukuru ipasavyo, naye Nashwa akasema wa kushukuru ni yeye. Walishindana hivyo kidogo, mpaka Ihsan akapaza sauti kutoka jikoni amwachie mtoto wa watu simu yake. Kisha Shehata akaenda kutafuta viatu vyake.