Upande Wangu wa Sinia

Jumamosi nilikuwa nakunywa supu ya dengu katika mgahawa wa Kituruki hapa Rosettenville, ugenini, akaingia bwana mmoja mwenye lafudhi ya Tanga, kofia iliyodariziwa kichwani. Aliagiza wali wa harusi wa Konya, mji wa Waturuki, ule wa nyama ya kondoo, sinia ya watu wanne.

Mhudumu, mama wa Bukavu, alimletea na vijiko vinne. "Papa, wenzako wako njiani?"

"Sina wenzangu, mama." Akanyoosha kidole kwenye picha ya kuba la kijani ukutani. "Mwaka jana nilikwenda huko Konya kuzuru kaburi la walii. Mchana watu nisiowajua wakaniita kwenye sinia yao. Lugha hatukuelewana, lakini walinisogezea nyama. Tangu hapo wali wa sahani ya mtu mmoja haunishuki."

Akakunja mikono ya shati, akapiga bismillahi, akala taratibu, akanawa.

Mhudumu aliitazama sinia. Upande mmoja ulikuwa umekwisha kabisa, kwingine hakujaguswa. "Eish, papa. Si umalize?"

"Nimemaliza upande wangu."

Sisi wa pwani tunafundishwa tangu utotoni kula kilicho mbele yako, usivuke kwa mwenzio. La kufanya mwenzio asipokuwepo hakuna aliyetufundisha. Mhudumu akarudi kaunta kwenye mkate aliokuwa akila, nami kwenye supu yangu. Tulikuwa watu watatu wa Kiswahili chini ya paa moja, kila mmoja akila mbele yake, wenye adabu kupita kiasi.