Kiingereza cha Kwenye Kamba ya Nguo

Fundi cherehani huyu hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Ukimpelekea koti lililotafunwa na panya, atakurudishia koti. Lakini Kiingereza kilimtoa jasho. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa ng'ambo, ana mimba ya miezi mitano, na huko hawampi mama kibali cha kuhamia mpaka alete cheti cha lugha. Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili ulikuwa baada ya wiki sita, na ukimpita huo, mwingine ungemkuta mtoto keshazaliwa.

"Maneno nayajua," alimlalamikia Mwalimu, mzee mstaafu wa chumba cha pili. "Shida yamefanana kama mapacha."

Mapacha waliomwangusha walikuwa "see", "look" na "watch". Mwalimu akamfafanulia kwa subira. Ukisema "see", kitu kimekujia chenyewe machoni. "Look", umegeuza macho ukakielekea. "Watch", umetulia nacho, unafuatilia kinavyokwenda.

"Hata sisi tunaona, tunatazama, tunafuatilia," fundi akasema. "Ila nikiyachanganya hayo hakuna anayeninyima mwanangu."



Kwa kuwa mchana kutwa macho yake yalikuwa kwenye nguo, fundi akaamua maneno yakae hukohuko. Akayaandika kwenye vikaratasi, kila neno na maana yake, akavibana kwa pini kwenye nguo za wateja zilizoning'inia kwenye kamba. "See" kwenye koti la karani, "look" kwenye sketi ya nesi, "watch" kwenye suruali ya mwoka mikate. Mguu ukikanyaga cherehani, mdomo nao unakwenda. Baada ya wiki mbili alikuwa anayamwaga bila kukwama, na Mwalimu akaanza kumwita mzungu wa mtaa. Fundi alicheka kwa furaha ya kweli.

Ila nguo za fundi huchukuliwa, na jambo hilo, amini usiamini, halikumpitia kichwani yeye wala huyo Mwalimu na elimu yake yote. Karani akaja, koti likaondoka na kikaratasi chake. Nesi akaja. Siku mbili kabla ya mtihani, mwoka mikate akaja na haraka zake.

Siku yenyewe fundi akaketi mbele ya kompyuta. Swali likatokea: mama yuko kwenye benchi, watoto wanacheza, naye kawakazia macho muda wote. Chagua neno. Mara akaiona ile suruali waziwazi, zipu aliyoibadilisha, pindo la kushoto lililozidi nusu inchi. Kikaratasi nacho akakiona, lakini hakina kitu. Alitamani kumwomba msimamizi amngoje akaifuate. Akabofya kwa kubahatisha, na kuanzia hapo akabahatisha mpaka mwisho. Alianguka kwa alama mbili.

Mjukuu alizaliwa salama. Siku ya nne binti akapiga simu ya video, mumewe yuko kazini.

"Mama, nimemwekea maji, lakini naogopa. Ananiteleza. Nimshike vipi?"

"Mkono mmoja chini ya shingo, mwanangu. Sio hivyo. Legeza vidole."

"Hivi?"

"Sivyo! Ngoja nikuonyeshe."

Akaviringisha kitambaa cha suti kikawa mtoto, lakini simu iko mkononi. Akaiegemeza kwenye cherehani, ikaanguka kifudifudi. Akaiegemeza kwenye pasi, ikaonyesha dari.

"Mama, siioni mikono yako."

Akiishika, mikono haimtoshi. Akiiachia, haonekani. Alimwita Mwalimu, Mwalimu hayupo. Huko ng'ambo mtoto alikuwa analia mpaka sauti inakatika, na maji yanapoa.

"Mfunike taulo," fundi akasema hatimaye. "Usimwogeshe leo."

"Na kesho, mama?"

Fundi alibaki amekipakata kile kitambaa, kiganja kikiwa pale ambapo shingo ya mtoto ingekuwa.