Hebu Rudia

Viti ndivyo vilivyompa jina. Kila Alhamisi mchana, kabla wanafunzi wake hawajafika, alivua viatu, akakunja mikono ya blauzi na kuburuta viti mwenyewe katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili, chumba chenye feni linalolia kama mtoto aliyenyimwa titi. Wiki hii alivipanga safu kwa safu, mbali na ubao: hapo ni chuo kikuu, ukumbi umejaa na mwalimu hamjui mtu. Wiki iliyofuata alivizungusha kwenye meza moja kubwa: hapo ni chuo cha ufundi, watu wana grisi mikononi na hawataki hadithi ndefu. Wiki nyingine alivisogeza karibu na mlango: hapo ni chuo cha jioni, wanafunzi wametoka kazini, macho mazito, na wengine wataondoka kipindi hakijaisha wasije wakakosa usafiri. Wanafunzi wakamwita Mama Viti, naye akalipokea jina hilo kama zawadi.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Vijana waliokuwa wanamalizia shahada za juu, vichwa vimejaa vitabu, walipita mikononi mwake wajifunze kufundisha kabla hawajatawanyika kwenda kazini katika vyuo vya kila aina. Wengi walikuja wakiamini kwamba anayelijua jambo anajua na kulieleza. Mama Viti hakubishana nao. Aliwapa kalamu ya ubao, akaenda kukaa nyuma kabisa na kusema, "Haya, wanangu, tufundisheni."

Na hapo ndipo mume wake alipoingia.

Mumewe alikuwa fundi bomba aliyestaafu. Watoto wao walishaoa na kuolewa, nyumba ikawa kimya, na kukaa mlangoni kutazama magari yanayopita kulimshinda. Mama Viti akamwomba aje darasani aigize mwanafunzi wa chuo cha jioni, mtu mzima aliyerudi shule baada ya miaka mingi. Mzee akakubali kwa mzaha. Akaja amevaa shati lake la kazi, daftari kwapani. Kijana wa kwanza alipomaliza kueleza somo lake, mzee akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hebu rudia."

Kijana akarudia. Mzee akakuna kichwa.

"Sawasawa. Lakini hebu rudia."

Aliporudia tena, kijana jasho lilikuwa linamchuruzika na wenzake wamejishika mbavu. Tangu siku ile mzee akawa Hebu Rudia, na hakuna aliyehitimu kwa Mama Viti bila kupita mbele yake.

"Atakayewauliza jambo lile lile mara ya tatu," Mama Viti aliwaambia, "mjibuni kama vile ndiyo kwanza anauliza. Msishushe pumzi. Msitazame saa. Huyo amejikaza wee mpaka akapata moyo wa kuuliza. Mkimkunjia uso, hatauliza tena maishani mwake."

Kipindi kikiisha, mzee alimtafuta mkewe kule nyuma kwa macho, akamkonyeza. Maana yake mchezo umekwisha, na umenoga. Konyezo hilo lilikuwa lao wawili. Njiani kurudi nyumbani walimcheka aliyebabaika, wakamsifu aliyevumilia, na kabla ya kulala Mama Viti alimshukuru Mungu kwa mume ambaye hakuona aibu kukaa kiti cha mwanafunzi kwa mkewe.

Miaka ikaenda hivyo.

Likaja darasa lenye kijana waliyemwita Profesa, kwa ajili ya koti lake na maneno yake mazito. Alikuwa amesomea uchumi. Aliomba kazi katika chuo kikuu kimoja kikubwa na hakutaka kusikia habari ya chuo kingine. Akikuta viti vimepangwa vya jioni alinuna kama mtu aliyepewa ufagio.

"Mama, mimi sitafundisha watu wanaosinzia," alisema siku moja.

"Utafundisha nani sasa?" akadakia mwenzake, binti aliyewahi kuwa muuguzi na sasa anajiandaa kufundisha chuo cha uuguzi. "Wewe ukianza kuongea hata hilo feni linasinzia!"

Wakacheka. Profesa naye akacheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo. Akasimama ubaoni akaeleza kwa nini mvua ikikosekana bei ya nyanya hupanda. Mzee, kiti cha mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hebu rudia."

Profesa akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu alishusha pumzi na kutazama saa, makosa yote mawili kwa pamoja, na Mama Viti kule nyuma akatikisa kichwa. Muda ukaisha. Watu wakaanza kukusanya vitu vyao.

"Mwalimu," mzee akasema, mkono ungali juu. "Sijaelewa. Nyanya gani?"

"Mzee, igizo limekwisha," Profesa akajibu, sauti imemkauka.

"Igizo gani?"

Darasa likaangua kicheko. "Mzee huyu angeingia kwenye sinema tusingemwona tena huku!" akasema yule muuguzi akipiga makofi. Mama Viti naye alikuwa anatabasamu, akilingoja lile konyezo.

Halikuja.

Mzee aliushusha mkono polepole. Akamtazama Profesa, akawatazama wanaocheka, akajikunyata kitini kama mtoto aliyeambiwa amekosea na hajui kosa lake. Kisha akageuka nyuma. Alimtazama mkewe kama unavyomtazama mtu uliyewahi kumwona mahali fulani. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni mwa Mama Viti na hakujua alipeleke wapi.

Jikoni jioni ile ndipo alipojiuliza mara ya mwisho kukonyezwa ilikuwa lini. Hakukumbuka. Kumbe kwa muda mrefu alikuwa akijiambia mzee amechoka tu. Alikumbuka funguo zilizokutwa ndani ya jagi, na jirani aliyemrudisha mzee kutoka dukani akisema amepotea kona moja tu kutoka nyumbani. Alikumbuka pia jinsi walimu wenzake walivyokuwa wakimpongeza: mumeo siku hizi anaigiza, mama, hata tofauti huioni. Naye alisema asante. Ugonjwa ulijificha mahali ambapo hakuna ambaye angeutafuta, ndani ya kazi aliyompa yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Hospitali daktari alikuwa mpole. Ni maradhi ya kupoteza kumbukumbu, alisema, na dawa ya kurudisha kilichokwenda haipo.

"Yalianza lini, mama?"

Mama Viti alianza kuhesabu Alhamisi kwa vidole, akaacha.

Kuanzia hapo alibaki na hofu moja tu, nayo aliilaza na kuiamsha kila siku: siku ambayo mzee angemsahau yeye. Mengine aliyapokea. Aliyapokea mashati yaliyovaliwa nje ndani, na maswali yaliyoanza alfajiri.

"Mama watoto, leo Alhamisi?"

"Leo Jumatatu, mzee wangu."

Maji hayajachemka, anauliza tena. Chai haijamiminwa, anauliza tena. Asubuhi moja Mama Viti aliingia chumba cha kuwekea vitu, akajifungia, akashika rafu kwa mikono miwili. "Mungu wangu," alisema, "nilikuwa nawafundisha nini watoto wa watu? Mimi mwenyewe siwezi." Alikaa humo mpaka pumzi zikatulia. Akatoka, na swali lilikuwa linamngoja pale pale mlangoni. Akalijibu.

Mkuu wa idara alimwita ofisini, akafunga mlango taratibu. "Pole sana, mama. Lakini darasa si wodi. Mzee apumzike nyumbani."

"Niachie mpaka mwisho wa mwaka, mkuu. Alhamisi ndiyo siku pekee anayoamka akijua anakwenda wapi."

Mkuu akakubali. Mama Viti akawaeleza wanafunzi ukweli wote, amesimama, bila kupamba. Yule muuguzi alilia waziwazi. Profesa hakuinua uso.

Alhamisi ya mwisho, Mama Viti alipofika na mumewe, alikuta viti vimeshapangwa karibu na mlango. Profesa alikuwa amevua koti, shati limemlowa. Chuo kikuu kilikuwa kimechukua mtu mwingine. Yeye alipata chuo cha jioni, mtaa wa viwandani.

"Mama, naomba nirudie somo langu," alisema. "Mbele ya mzee."

"Usijilazimishe, mwanangu."

"Sijilazimishi, mama. Nitawezaje kwenda kule kabla sijamaliza hapa?"

Akafundisha. Yalikuwa ni yale yale ya mvua na nyanya, ila safari hii maneno yake yalikuwa mepesi, na alisimama karibu na watu. Mzee alimwambia hebu rudia. Akarudia. Alimwambia tena, akarudia tena, uso mkunjufu, kama vile habari hiyo imemfikia sasa hivi. Mama Viti alikuwa amekaa kule nyuma, akiwatazama.

Mzee akanyoosha mkono kwa mara nyingine.

"Mwalimu."

"Naam, mzee."

"Yule mama kule nyuma, anayetutazama. Ni nani?"

Profesa alimtazama Mama Viti. Mama Viti hakuweza kutikisa kichwa wala kukiinamisha. Kijana akasogea, akachuchumaa kando ya kiti.

"Ni mke wako, mzee."

Mzee aligeuka akamtazama mkewe kwa makini, vile alivyokuwa zamani akikikodolea macho kiungo cha bomba alichokwisha kukaza, akingoja aone kama kitavuja.

"Mke wangu," alisema. Akatabasamu kwa haya, kama kijana aliyesifiwa mbele za watu. Halafu tabasamu likamtoka kidogo kidogo, likaisha.

"Mwalimu, hebu rudia."

Profesa alifungua mdomo. Hakushusha pumzi, hakutazama saa, lakini sauti ilikataa kabisa.

Ndipo Mama Viti akainuka. Alikiburuta kiti chake kutoka nyuma mpaka mbele, kikalia sakafuni njia nzima, akaketi akimwelekea mumewe, magoti yao yakagusana.

"Ni mimi, mzee wangu," alisema, kama vile ndiyo kwanza anaulizwa. "Mimi mke wako."

"Ahaa." Mzee alifikiri kidogo. "Na leo Alhamisi?"

"Leo Alhamisi."

Akaridhika. Akalifungua daftari lake, akaupapasa ukurasa mtupu kwa kiganja. Kisha, taratibu, akaanza tena kunyoosha mkono.