Sauti ya Mwenye Duka

Agathe, mtunza mavazi wa ukumbi wa maigizo jijini London, alimjua mwigizaji mmoja mzee mwenye asili ya Kihindi kwa vidole vyake. Vifungo vya vazi lake alivifunga mwenyewe kwa vidole hivyo, huku akiguna chini kwa chini kuiamsha sauti. Tangu ujana Waingereza walimpa aigize daktari, dereva au mwenye duka tu, na kila mhusika alimtafutia mwendo wake. Jioni moja, katika zoezi la mwisho kabla ya onyesho ambamo aliigiza mwenye duka, mwongozaji alimkatiza mbele ya wenzake: “Zidisha lafudhi ya Kihindi, watu wacheke.”

Mzee aliingia chumba cha mavazi akiwa na hasira. “Mama Agathe, mimi nimezaliwa Nakuru, nimezeekea hapa London, Kingsbury. Hiyo India niitoe wapi?”

“Usiitoe, Papa,” alisema Agathe, akimwita baba kwa desturi ya kwao.

Pazia lilipofunguka, mwenye duka alizungumza kwa sauti ya mzee mwenyewe, polepole. Hakucheka mtu; wote walimsikiliza.